Bahasha ya Vilivyomo

Kabla sijaona mtu wala mashine, nilisikia herufi moja. Tak. Kimya. Tak. Kimya. Tak. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, ngazi zilikuwa giza, nami nilikuwa nazipanda kwa kupapasa ukuta, barua ya kuomba kazi nimeibana kwapani. Huko chini Kariakoo ilikuwa Kariakoo: wachukuzi wanataka njia, wauza maji wanagonga chupa. Huko juu herufi ile ilikuwa inagongwa kama mtu anayebisha hodi bila haraka. Nilipofika mwisho wa ngazi nikamkuta Mzee Awadhi kwenye mwanga wa dirisha, ameinamia mashine ya chapa, sikio lake linakaribia kuigusa, kidole kiko juu ya M.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Nyamaza kwanza."

Nikanyamaza. Akagonga mara tano nyingine, kisha akaniangalia.

"Umesikia?"

"Nimesikia M, Mzee."

"M hata kiziwi anaisikia. Umesikia kinachokuja nyuma yake?"

Sikuwa nimesikia kitu. Akasema basi nirudi kesho, na nije na masikio. Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Barua yangu hakuisoma. Wiki moja baadaye niliikuta imekunjwa mara nne chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi, na nakiri kwamba ilifanya kazi nzuri pale kuliko ambavyo ingefanya mahali pengine popote.

Ninyi mafundi mnaobaki kwenye chumba kile mmeniomba niandike niliyoyaona, maana mimi nimeshakabidhi funguo. Naandika. Lakini msitegemee siri za ufundi, kwa sababu mashine mnazijua kunizidi. Nitaandika zaidi juu ya bahasha, na juu ya ile mara moja ambayo sikuitumia.

Mzee Awadhi alikuwa mtu wa familia ya Kiarabu iliyokaa Kariakoo tangu babu yake, na alikuwa na tabia ambayo wenye maduka wa jirani waliicheka. Kabla ya kutengeneza mashine yoyote aliifungua, akaipindua juu ya gazeti, akaisugua kwa brashi mpaka kila kilichokuwa ndani kikaanguka. Kisha vile vilivyoanguka hakuvitupa. Alivitia kwenye bahasha ya kaki, akaandika jina la mwenye mashine, na siku ya kuchukua mashine mteja alipewa na bahasha yake. Pini, punje za mchele, vipande vya ufutio, kifungo, nusu ya wembe. Wateja wengi walicheka, wakaitupa bahasha ngazini wanaposhuka. Mimi ndiye niliyekuwa nafagia ngazi, kwa hiyo nilikuwa na maoni yangu.

Siku moja nikamuuliza, "Mzee, uchafu wote huu tunawarudishia wa nini?"

"Nani amekwambia ni uchafu?"

"Si nauona?"

"Wewe unaona punje ya mchele. Mwenyewe hajaiona bado. Kazi yako ni kufungua, binti, si kuhukumu."

Mwezi uleule akaja karani mmoja wa mahakama kuchukua mashine yake. Akafungua bahasha palepale kaunta, akaimwagia kiganjani. Ndani mlikuwa na pini mbili na jino la mtoto, dogo kama punje ya hindi. Yule mama akafungua pochi, akatoa leso, akalifunga lile jino fundo la kubana, akashuka. Mashine aliisahau. Ilibidi nimkimbilie nayo mpaka Mtaa wa Msimbazi, na mashine za chapa za zamani zile zilikuwa nzito kama dhambi. Mzee Awadhi hakuniambia "unaona?" Alikuwa na ubaya wake mwingi, lakini huo hakuwa nao.

Kompyuta zilipoanza kuingia mtaani, yeye alikuwa amechoka macho. Alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, kahawa na kashata mkononi, akasikiliza feni zinavyozunguka. "Hii ina vumbi," alikuwa akisema. Au, "Hiyo diski inakufa, isikilize inavyomeza mate." Mara nyingi alikuwa sahihi. Alipofariki aliniachia chumba, bisibisi yenye mpini uliozungushiwa mpira wa baiskeli, na boksi la bahasha za kaki ambazo hazikutumika.

Nikazitumia kwa namna yangu. Nilinunua diski moja kubwa ya pembeni, nikaiandika kwa kalamu nene: BAHASHA. Kila kompyuta iliyoingia, kabla sijagusa chochote, nilinakili vyote vilivyomo kwenda kwenye Bahasha. Vyote, hata takataka. Vilikaa humo mwezi mzima baada ya mteja kuondoka. Asiporudi kudai, ndipo nilifuta. Mafundi wa chini walikuwa na mwendo mwingine: mashine ikisumbua wanaifomati, yaani wanafuta yote na kuanza upya, saa moja imeisha. Mimi kunakili tu kulinichukua nusu siku. Wateja wenye haraka walikuwa wanashuka kwao, kisha baadhi yao wanapanda tena kwangu wakiwa wamekuja kulia.

Na niseme hapa kitu ambacho mtanisamehe: nilianza kujivuna. Mashine ikitoka kwangu ilikuwa safi. Nilipuliza vumbi, nikafuta kibodi kwa spiriti hadi herufi zinang'aa, nikapanga mafaili, nikaondoa programu zilizojipachika zenyewe, nikahakikisha inawaka kabla mteja hajamaliza kusema bismillahi. Watu walikuwa wakinisifia usafi huo kuliko matengenezo yenyewe. Mtu akisifiwa muda mrefu kwa kitu cha pembeni, anasahau cha katikati.

Sasa nifike kwa Ndeshi. Jina si lake, na mengine nimeyageuza kidogo ili asijulikane.

Ilikuwa wiki ile lilipotoka sasisho baya la mfumo, yaani apdeti. Mnaikumbuka, maana mlikuwepo wawili kati yenu. Kompyuta za nyumbani zilikuwa zinapanda ngazi zetu kama wagonjwa wa kuhara. Zilikaa sakafuni, zilikaa juu ya kabati, moja ilikaa kwenye kiti cha Mzee Awadhi, jambo ambalo nisingeliruhusu siku nyingine. Diski ya Bahasha ilijaa siku ya pili.

Ndeshi akaingia ameikumbatia kompyuta ya mezani ndani ya kitenge, jasho linamtoka.

"Shikamoo, Mama Fundi. Hii kitu itanifanya nishindwe kuolewa."

"Marahaba, mwanangu. Imefanyaje?"

"Ilianza kuapdeti, nikaiacha nikaenda kuoga. Narudi, kioo kizima bluu kama doti mpya ya kanga. Nikaizima, nikaiwasha. Sasa inazungusha kale kaduara, inaniambia subiri, subiri, inafika katikati inarudi nyuma. Kama mchumba asiye na mahari."

"Na wako anayo?"

"Wangu ameshamaliza!" Akacheka mpaka watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka. "Sendofu ya kuniaga nyumbani ni wiki mbili zijazo. Kadi nazitengeneza mwenyewe humu humu. Naiomba kesho, Mama Fundi, nakusihi."

Nilimfahamu. Mama yake, Mama Ndeshi, anauza vyombo vya plastiki kwa jumla mitaa miwili kutoka kwetu. Ni watu wa Kilimanjaro, wanaishi Magomeni. Baba yake alikuwa wakala wa kutoa mizigo bandarini. Alikuwa amefariki miezi michache kabla, wakampeleka kumzika nyumbani Moshi. Kompyuta ile ndiyo aliyokuwa akifanyia kazi jioni.

Nikaanza vizuri. Nikaiwasha kwa flashi ya uokoaji, nikaliondoa lile sasisho lililokwama, nikairudisha kwenye hali ya siku ya nyuma yake. Kabla ya saa sita mchana ikawaka, na mafaili yote yakaonekana mahali pake. Kazi ilikuwa imekwisha. Nawaomba msome sentensi hiyo mara mbili: kazi ilikuwa imekwisha.

Lakini ilikuwa nzito. Diski yake ilikuwa ya zamani, ile yenye sahani inayozunguka, na ilikuwa imejaa hadi shingoni. Nikampigia Ndeshi simu.

"Imewaka, ila imejaa. Kuna makabrasha mengi sana humu ya makontena. Miaka na miaka."

"Hayo ni ya baba, Mama Fundi. Makorokoro ya bandarini. Tupa tu. Hao wenye makontena walishachukua mizigo yao zamani."

"Kompyuta hii ni ya nani hasa?"

"Ya nyumbani."

Hapo ndipo nilipokosea, na nilikosea kwa masikio, si kwa mikono. Kompyuta ya ofisini ina mwenyewe. Ukipata ruhusa yake inatosha. "Ya nyumbani" maana yake ni ya watu wengi, wakiwemo wasiokuwepo. Neno hilo nilipaswa kulisikia kama Mzee Awadhi alivyosikia M. Nilisikia tu kwamba nimeruhusiwa.

Bahasha ilikuwa imejaa. Ningeweza kusubiri siku mbili nipate nafasi. Ningeweza kununua diski nyingine. Maduka yanayoziuza yako chini ya miguu yetu. Badala yake niliangalia mashine zilizolala sakafuni, nikafikiria kadi za mwali, nikafikiria pia, kwa nini nifiche, sura atakayokuwa nayo atakapoona inavyokimbia. Nikafuta makontena yote. Nikaliweka sasisho upya, safari hii lile lililorekebishwa, ambalo ni kubwa kama nyumba na linajenga popote linapopata kiwanja. Kisha nikaipanga diski upya, kila kitu kikasogezwa mbele, nafasi zote zikazibwa. Huo ulikuwa urembo wangu wa mwisho. Mafundi wa chini hawajisumbui nao. Laiti ningekuwa mvivu kama wao.

Ndeshi aliichukua kesho yake akipiga vigelegele ngazini.

Siku ya tatu, mchana, Mama Ndeshi akapanda mwenyewe. Ni mwanamke mnene kidogo, mwenye sauti ya soko, lakini siku hiyo aliongea taratibu.

"Habari za kazi, Mama Fundi."

"Salama, Mama Ndeshi. Karibu kiti."

"Sikai, nimeacha duka. Nina shida ndogo, na Ndeshi asijue. Marehemu alijirekodi humo kwenye kompyuta. Maneno yake ya sendofu."

Nikamwangalia.

"Alishajua kwamba hatafika," akaendelea. "Si unajua sisi, baba ndiye anayesimama kumuaga binti, anasema neno lake mbele ya watu. Akasema hawezi kumwachia mdogo wake aseme kwa niaba yake, mdogo wake anapenda kipaza sauti kupita kiasi. Akajirekodi. Akaficha kwenye makontena yake ya zamani, maana Ndeshi anachokonoa kila kitu ila hayo hawezi kuyafungua. Naomba unitolee uniwekee kwenye flashi. Tumeshaongea na mshereheshaji, atapiga muda wa baba ukifika."

Nimefanya kazi ile miaka mingi. Nimewaambia watu diski zimekufa, nimewaambia picha za harusi zimepotea. Maneno ninayo. Siku ile lilitoka moja tu: "Nimeyafuta."

"Umefuta nini?"

"Makontena. Yote. Ndeshi aliniambia nitupe."

Mama Ndeshi akakaa kwenye kile kiti alichokuwa amekikataa.

"Ndeshi mwenyewe?"

"Ndeshi mwenyewe. Lakini mwenye kosa ni mimi."

"Si watu wanasema kwako kuna nakala? Si ndiyo sifa yako mtaa mzima? Kwamba kwa Mama Fundi hakipotei kitu?"

"Ndiyo sifa yangu," nikasema. "Safari hii sikuweka."

Akairudisha kompyuta jioni hiyohiyo, akamdanganya binti kwamba inaongezwa ramu. Kwa siku nne niliwaachia ninyi mashine nyingine zote, mkanishangaa, nami sikuwaambia sababu. Niliitoa diski, nikaifunga kwenye mashine nyingine ili isiandikwe tena hata herufi moja, nikapitisha programu za kufufua, moja baada ya nyingine. Yalirudi majina ya makontena mamia, mengi yakiwa maganda matupu. Siku ya nne likarudi faili moja la sauti. Urefu wake: dakika kumi na moja. Nikavaa spika za masikio, nikabonyeza.

Kiti kililia. Mtu akakohoa kusafisha koo, mara mbili. Kisha sauti ya mwanamume, imechoka lakini ya utani kidogo: "Mama Ndeshi, hebu nifungie mlango huo." Hatua. Mlango ukafungwa. Akavuta pumzi ya kuanza.

Baada ya hapo ni mkwaruzo. Dakika kumi na sekunde kadhaa za mkwaruzo, kama mtu anayesaga mchanga. Mahali pale diski ilikuwa imeshaandikwa vitu vingine: kipande cha sasisho, pengine, au ile michezo ya karata ambayo hakuna aliyeiomba. Nilisikiliza hadi mwisho. Nikarudia. Nilitafuta kinachokuja nyuma yake.

Mama Ndeshi alisikiliza akiwa amesimama, mkono juu ya meza. Ilipofika kwenye mkwaruzo nikataka kuizima, akanizuia. Ilipokwisha akavua spika taratibu.

"Mlango huo niliufunga mimi," akasema.

"Kwa hiyo wewe hukusikia alichosema?"

"Nilikuwa jikoni. Nilimwambia asinisimulie. Nilitaka tusikie wote pamoja siku hiyo."

Hapo nikaelewa ukubwa wa nilichokifanya. Nilidhani nimefuta nakala. Kumbe maneno yenyewe hayakuwa na mahali pengine duniani, hata kwenye kichwa cha mtu mmoja.

"Tumwambie Ndeshi," nikasema. "Nitamwambia mimi. Niko tayari anitukane."

"Atukane nini? Yeye ndiye aliyesema tupa." Alifunga macho. "Unataka aingie ukumbini akijua hilo? Alibebe mpaka kwenye ndoa yake? Hapana, Mama Fundi. Ulifuta peke yako, kaa nalo peke yako. Mimi nitakaa na langu."

"Na hiki kipande? Nikuwekee umpe?"

"Nimpe kikohozi?" Akacheka kicheko kifupi kibaya. Alifika mlangoni, akageuka. "Niwekee. Usimpe yeye. Nipe mimi."

Nikamwekea kwenye flashi. Nikaitia kwenye bahasha ya kaki, mojawapo ya zile za Mzee Awadhi, na mkono wangu ukaandika jina la marehemu bila kuniuliza.

Sasa, ushauri, maana mnautegemea. Diski ya Bahasha ikijaa, funga duka. Andikeni mlangoni kwamba mmefunga, watu wanune. Mashine ya nyumbani, ulizeni imetumiwa na nani, na kati yao nani hayupo. Na ikishapona, iacheni. Usafi usioombwa na wenye nyumba wote si huduma. Nimeyasema haya kwa kifupi kwa sababu ninyi ni mafundi wazuri, na kwa sababu najua kwamba hata mimi niliyajua.

Kuna jambo bado sijaamua. Mama Ndeshi aliniambia ninyamaze, nikanyamaza. Siku nyingine naona nilimheshimu. Siku nyingine naona nilikuwa mwoga niliyepewa ruhusa, kama ile ruhusa nyingine.

Ndeshi alikuja siku mbili kabla ya sendofu. Foleni ilikuwa imekwisha, nilikuwa peke yangu, na huko chini spika za wauza viatu zilikuwa zinashindana. Alinipa kadi kwa mikono miwili. Ilikuwa nzuri, ya rangi ya zambarau, jina langu limeandikwa kwa maua pembeni. Aliitengeneza kwenye kompyuta ileile.

"Inakimbia, Mama Fundi! Yaani umeisafisha hadi nimeshindwa kuamini. Nikibonyeza tu, hii hapa."

"Nashukuru, mwanangu."

"Meza yako ni ya mbele, karibu na mama. Usije ukanikosa." Akakaa kidogo, akazungusha pete yake mpya kidoleni. "Najua muda wa baba ukifika nitalia. Baba mdogo ndiye atakayeongea, na huyo tutalala huko huko." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Nilimuuliza mama kama baba aliacha neno lolote. Hata la kuandika tu. Akasema hapana. Ni sawa, unajua. Baba hakuwa mtu wa maneno."

Kinywa changu kilifunguka. Nakumbuka nilikuwa nimeshika bisibisi ya Mzee Awadhi, na nakumbuka ulaini wa ule mpira wa baiskeli chini ya kidole gumba. Yeye alinitazama, akingoja, kwa adabu, kama mtoto anavyomngoja mkubwa amalize kukohoa.

"Hongera sana, mwanangu," nikasema.

"Asante, Mama Fundi. Haya, nakimbia saluni." Akaokota mkoba, akafika mlangoni, akasikiliza zile spika za chini, akakunja uso. "Makelele gani haya! Nikufungie mlango?"

"Nifungie."

Akatoka, akaufunga.